Nguo ya Aliye Hai Haikatwi

Wageni wangu hukaa popote wapendapo, isipokuwa juu ya lile sanduku. Mkwe wangu aliwahi kutaka kuliwekea kikombe cha chai, nikakipokea kikiwa bado hewani. Wananiona mchoyo. Wengine wanasema nimeficha pesa humo. Hakuna pesa. Kuna shati, na karibu na shati hilo sitaki chai, sitaki mkono wa mafuta, na sitaki mtu wa kuniuliza kila mwaka kwa nini silikati.

Shule sikukaa sana, lakini haya nayaandika mwenyewe, kwa sababu waliohusika wengine wako hai, wanaenda kanisani wamevaa tai, na wakisimulia habari za miaka ile utadhani wao walikuwa wanapita njia tu. Majina yao siyaandiki. Nitaandika kazi walizofanya, na atakayejijua ajijue.

Tuliishi kwenye shamba la pareto huko juu, ukitoka Njoro ukielekea Molo, mahali ambapo ukungu unashuka asubuhi kama mtu asiye na haraka. Baba alikuwa anakamua ng'ombe wa bwana shamba, yule Mzungu mwenye ardhi. Kaka yangu alikuwa akijifunza useremala kwenye kiwanda cha mbao upande wa Elburgon. Mama na mimi tulichuma pareto, yale maua meupe yenye moyo wa njano, kikapu mgongoni, vidole vikiwasha mpaka ukilala unajikuna ndotoni.

Jioni mama alishona mablanketi ya viraka. Kitambaa alikuwa anakipata kwa nguo kuukuu na kwa mabaki ya fundi Mhindi wa stesheni. Lakini kushona kwake hakukuwa mwanzo wa kazi. Mwanzo ulikuwa ni kuweka. Alisema blanketi baya halitoki kwenye sindano, linatoka sandukuni. Nguo ilifuliwa bila wanga, kwa sababu wanga ni chakula cha wadudu. Ikasuuzwa mpaka maji yatoke kama yalivyoingia. Ikaanikwa kivulini, na haikuingia sandukuni mpaka aiguse kwa mdomo wake wa juu, maana alisema kidole ni mwongo, mdomo ndio unajua unyevu. Vifungo vya chuma aliving'oa. Akakunja mikono ya shati kwa ndani, na kila kiangazi alizitoa zote akazikunja mahali pengine, kwa maana mkunjo ukikaa mahali pamoja miaka mingi unakata nguo kama kisu butu.

Sanduku lenyewe kaka ndiye aliyelitengeneza, la mbao za mtarakwa. Watu walimsifu kwa kuwa mtarakwa unafukuza nondo. Mama alimsifu pia, halafu akalivisha ndani gunia la unga lililofuliwa, kwa sababu mtarakwa unatoa jasho la mafuta na jasho hilo likishika kitambaa cheupe halitoki. Kaka akacheka: "Mama, hata sanduku langu huliamini?"

"Naliamini likiwa limevaa nguo," mama akamjibu.

Na alikuwa na mwiko wake mmoja aliorithi kwa nyanya. Nguo ya mtu aliye hai, na hayupo, haikatwi. Akiwepo anaweza kukupa kwa mkono wake, kata. Akifa ni urithi wako, kata. Lakini akiwa safarini, mkasi wako unamfuata huko aliko. Sikuwahi kusikia mwiko huu kwa mtu mwingine. Kwetu ulikuwa sheria.

Ikaja hali ya hatari, serikali ya wakoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Asubuhi moja malori yalikuja kutoka upande wa Nakuru, tukapangwa mstari kwenye uwanja wa mashine ya kupura ngano. Baba akapandishwa lori, kaka akapandishwa lori. Sisi wanawake wachache tuliachwa kwa sababu bwana shamba alisema pareto yake haitajichuma. Siwezi kusema tulishukuru. Baba aliacha kabuti lake la kaki. Kaka aliacha shati jeupe la Jumapili. Mama akazifua, akazikausha, akazijaribu kwa mdomo, akaziweka sandukuni nzima nzima. Alisema tutazitia kwenye blanketi moja na nguo zake na zangu, wakirudi watupe kwa mikono yao.

Sasa shida ikawa mahali pa kuliweka sanduku. Askari walikuwa wanapekua nyumba zetu, wanamwaga kila kitu kwenye matope, unga juu ya nguo, nguo juu ya unga. Nyumba ambayo haikupekuliwa ilikuwa ya mpishi. Yeye alikuwa mtu wa kutoka magharibi, si wa kabila letu, na nyumba yake ilikuwa ya mbao na mabati nyuma ya jiko la bwana shamba, kavu, haina moshi. Mke wake alikuwa rafiki ya mama. Walikuwa wakibadilishana vitambaa, wakigombana juu ya rangi kama dada wa tumbo moja. Mama akamwambia amwekee sanduku. Akakubali. Likaingia chini ya kitanda chao cha chuma, upande wa ukuta, na waliojua ni watu wanne tu: mama, mimi, huyo mama, na mumewe.

Kumbukeni hao wanne.

Miaka ilipita hivyo. Mama akaanza kukohoa. Halafu akaja mtu aliyefunguliwa kizuizini, amekonda, macho yanatangulia uso. Alikaa kwetu, akala uji wote, akasema baba amekufa huko. Kwamba alimwona kwa macho yake. Kuhusu kaka, alisema walitenganishwa, hajui, lakini alimwacha mzima. Mimi nilimwangalia mtu yule akilamba kibuyu, nikajiuliza kama alimwona baba kweli au aliuona uji. Hata leo sijui. Baba hakurudi, kwa hiyo labda alisema kweli.

Mama alilia siku zake. Alipomaliza akaniambia, "Nenda kalete sanduku. Kabuti la baba yako sasa linakatwa. Nataka kujifunika mume wangu kabla baridi haijaniua."

Nikaenda kwa mke wa mpishi.

"Sanduku?" akasema. "La nini leo? Njoo kesho, nimefua, kitanda kimejaa nguo."

Kitanda hakikuwa na nguo. Nilikiona kutoka mlangoni.

"Mama amenituma leo," nikasema.

Akaingia, akalivuta, akanipa bila kuniangalia. Nikalitazama. Sanduku lililokaa chini ya kitanda muda ule wote lilitakiwa kuwa na vumbi la kuandikia kwa kidole. Hili lilikuwa safi, limepanguswa kwa kitambaa chenye maji, na kwenye kona mbao ilikuwa imegeuka nyeusi.

Mama alifungua mwenyewe. Harufu iliyotoka haikuwa ya mtarakwa. Ilikuwa kama nyasi zilizooza zikachanganywa na dawa. Kabuti la baba lilikuwa na ukungu wa kijani kwenye kola, lakini kaki ni nguo ngumu, lilikuwa bado linashikika. Chini yake shati la kaka. Lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya jana. Mama alilishika mabegani alinyanyue, na bega moja likabaki mkononi mwake kama karatasi iliyolowa.

Hakupiga kelele. Aliliweka magotini, akasema, "Huyu naye amekwenda."

"Mama, ni nguo tu imeoza."

"Kaki ya aliyekufa imebaki. Shati la aliye hai limeoza. Wewe unaona nini?"

Akageukia ukuta. Uji nilioweka asubuhi niliukuta jioni una ngozi juu. Wa siku ya pili pia. Jirani wakaja, wakatazama shati, wakatikisa vichwa kwa namna ile ya watu waliokwisha kukubali. Ndipo nikaelewa kwamba mama yangu anakufa kwa ajili ya shati, na kwamba dawa yake ni moja: nimpate mtu. Kama shati limeozeshwa na Mungu, kaka amekufa. Kama limeozeshwa na binadamu, kaka yangu bado ana nafasi. Sikutafuta mkosaji kwa sababu ya hasira, ingawa hasira nilikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Nilimtafuta ili mama ale.

Nililichukua shati nje kwenye mwanga. Kitu cha kwanza, mkunjo. Mama hukunja mikono kwa ndani. Hili mikono ilikuwa imepishwa mbele, kama ya maiti. Kwa hiyo mtu alilitoa na kulirudisha. Cha pili, nilifungua pindo la chini, pale mshono unapofanya mfuko mdogo. Ndani nikatoa kichwa cha ua kilichobanwa, cheusi, kisha kingine. Nikakisugua kiganjani, nikanusa. Pareto. Ningeweza kuijua hata kama pua ingekuwa imekatwa.

Wako watu wanaoweka pareto kavu kwenye nguo kuzuia wadudu, na si vibaya, ikiwa kavu kabisa mpaka ukiifinya inakuwa unga. Lakini hii ilikuwa nyeusi, imeoza kabla ya kukauka. Hii iliingia mbichi. Kila mchumaji anajua, na watoto wetu wanajua, kwamba pareto mbichi ikirundikwa inachemka. Inatoa joto, inatoa maji, na kesho yake ukitia mkono kwenye rundo unautoa upesi. Ndiyo maana kuna tanuri la kuikaushia. Na nyumbani kwa mpishi hakuna pareto hata ua moja.

Nilimkuta mke wake kwenye bomba, anajaza debe. Nikamwonyesha lile ua kiganjani.

"Hili nimelitoa kwenye shati la kaka."

"Ua?" akacheka, lakini cheko lilikuja limechelewa. "Shamba zima ni maua, msichana wangu. Hata kwenye ugali yanaingia."

"Kwenye pindo? Limebanwa?"

"Labda nondo wameingia nalo."

"Nondo wa kwenu wanachuma pareto, mama? Wana kikapu?"

Debe likafurika, maji yakamwagika kwenye miguu yetu, hakuna aliyefunga bomba.

"Punguza sauti," akasema.

"Nitaipandisha. Mama yangu hajala."

Hapo akanitazama kwa mara ya kwanza. "Hajala tangu lini?"

"Tangu alipoona shati. Anasema ni ishara. Anasema kaka amekufa."

Akakaa juu ya jiwe la kufulia. Na akasema yote, kwa kile Kiswahili chetu cha shamba, haraka haraka, akitazama njia. Kwamba mvua kubwa iliyopita, nyapara wa shamba alikuwa amepewa habari kuwa nyumbani kwa mpishi kuna sanduku la watu wetu, na ndani kuna vitu vya watu wa msituni. Kwamba mtoto wa mkamuaji aliyechukua kazi ya baba alimkimbilia kumwambia nyapara anakuja. Kwamba alilichukua sanduku akalifunika kwa kanga, akaenda nalo mpaka kwenye tanuri la pareto, na kwa kuwa sanduku lingeonekana, alizitoa nguo, akazifukia katikati ya rundo la maua mabichi yaliyoletwa asubuhi hiyo, na sanduku akaliacha nje kwenye kuni, mvua ikalinyeshea.

"Zilikaa humo muda gani?"

"Mpaka nyapara alipoacha kunifuata kwa macho. Nilipozitoa zilikuwa zinatoa mvuke."

"Ukazianika?"

"Ningeanika wapi? Kabuti la mtu aliye kizuizini, nilitundike kwenye kamba ya jikoni kwa bwana shamba? Nilizikamua, nikazirudisha, nikafunga."

"Na hukumwambia mama."

Akainuka, akafunga bomba.

"Siku ile ile ungemwambia, tungezisuuza. Tungezikausha hata kwa pumzi."

"Niliogopa, mwanangu."

Uoga nimeusamehe. Nyakati zile kila mtu aliogopa hata kivuli cha ng'ombe. Ile miezi ya kunyamaza ndiyo bado inanikwama hapa. Alikuwa anakutana na mama kila Jumapili, anamwuliza hali, anapokea salamu, na nguo zinaoza chini ya kitanda chake.

"Na nyapara alikuja?" nikamwuliza.

"Alikuja. Hakupekua popote. Hakufungua hata kabati. Aliingia, akainama chini ya kitanda, upande wa ukuta, akapapasa kwa mkono, akakuta patupu, akasonya."

Tukatazamana. Upande wa ukuta. Watu wanne. Mama hakusema. Mimi sikusema. Yeye ndiye aliyekimbia na sanduku. Nami nikakumbuka kwamba tangu mvua zile mpishi alikuwa ameruhusiwa kulisha mbuzi wake kwenye majani ya bwana shamba, jambo ambalo hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa, na ruhusa hiyo ilikuwa ni ya nyapara kuitoa.

"Mbuzi wenu wamenenepa," nikasema.

Akajifuta uso kwa kanga. "Usiniambie vitu ninavyolala navyo," akajibu.

Nikamwambia lazima aje amwambie mama kwa mdomo wake. Mimi nikisema, mama atadhani namdanganya ili ale. Akakataa. Mume wake atamfukuza, watoto wake watakwenda wapi. Nikamwuliza, na mama yangu aende wapi? Akajitwika debe lake akaondoka. Nilimwona akipanda kilima, nikamlaani kwa maneno ambayo sikujua ninayo.

Siku iliyofuata, adhuhuri, mama alikuwa hawezi tena hata kunijibu. Mlango ukafunguka. Mke wa mpishi aliingia na kikapu cha pareto mbichi mgongoni, ili mtu akimwona njiani aseme anapeleka maua. Hakunisalimu. Alikaa sakafuni karibu na kitanda, akatoa konzi la maua, akalitia ndani ya kiganja cha mama, akakifunga kwa mikono yake miwili.

"Dada," akasema, "shika. Unasikia joto?"

Mama hakugeuka.

"Hili ndilo lililokula shati la mtoto. Ni mimi niliyelizika humo. Nyapara alikuwa anakuja. Si ishara, dada. Ni mimi."

Nilisikia mbuzi mbali, na nikajua ni wa nani.

"Ni mkono wako?" mama akauliza ukutani.

"Ni mkono wangu."

"Uape kwa watoto wako."

Akaapa, mmoja mmoja, akiwataja wote mpaka yule wa kunyonya. Mama akageuka. Aliyanusa maua, akaniambia nimpe shati, akalinusa, akarudia maua. Kama anavyojaribu nguo kwa mdomo. Halafu akasema, "Mjinga wewe. Ungeniletea siku ulipolitoa ningelisuuza kwa maji ya mvua."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingelikamua. Nguo ya moto haikamuliwi, inavunjika." Akaniangalia mimi. "Na wewe umesimama nini? Uji uko wapi?"

Alikula. Uji wa baridi, wenye ngozi, akaulalamikia mpaka mwisho wa kibuyu, na mimi nikatoka nje nikalia nyuma ya nyumba mahali ambapo hakuna mtu wa kunipelekea habari.

Kabuti la baba lilikatwa. Tuliondoa kola yenye ukungu, tukalisuuza, tukalianika kivulini mpaka lilipopita mtihani wa mdomo. Blanketi lilishonwa kwa kaki ile, nguo za mama, sketi yangu, na vitambaa vya yule mama, ambaye alivileta bila kuulizwa na mama akavitumia bila kushukuru. Mama alijifunika nalo baridi ile na nyingine moja. Alizikwa nalo. Mpaka dakika ya mwisho hakusema "marehemu" juu ya kaka.

Kwa hiyo wakosaji ni hawa. Nyapara, aliyenunua maneno kwa majani ya mbuzi. Mpishi, aliyeuza kitanda chake mwenyewe. Huyo sasa ni mzee wa kanisa hapa mjini, ana sauti nzuri ya kuomba. Aliwahi kunipa mkono mlangoni, "Bwana asifiwe, mama," nami nikamwuliza, "Mbuzi wako hawajambo?" Tangu hapo anatokea mlango mwingine. Na mke wake, wa kunyamaza. Yeye namweka wa tatu, na siku nyingine namtoa, kwa sababu alikuja.

Shati nililisuuza mwenyewe, kwenye sahani, bila kusugua. Bega lililong'oka nimelilaza mahali pake, sikulishona. Limefungwa kwenye kitambaa cha marekani kilichofuliwa, halijakutana na mbao, na kila kiangazi nalikunja kwa mkunjo mwingine. Mikono ndani. Hali ya hatari ikaisha, wengi wakafunguliwa, bendera ikabadilishwa, na kila mtu aliyeshuka lori nilimtazama kwanza mabega. Kaka hakushuka, wala habari ya kifo chake haikuja.

Yule mama nilimkuta juzi sokoni, amezeeka, anachagua viazi kimoja kimoja kama asiyemwamini muuzaji. Tulisalimiana. Akazungusha kiazi mkononi muda mrefu.

"Na lile shati?"

"Lipo."

"Umelikata?"

"Hapana."

Akatikisa kichwa, akakirudisha kiazi, akachukua kingine. "Vizuri," akasema. "Usilikate."